Hukumu ya Fundi Redio

Nilikwenda kwa sababu ya redio yangu.
Anyosisye aliikodi Machi, akaahidi kuirudisha Aprili.
Julai ananiletea tiketi:
"Fundi, njoo uione. Imekuwa staa."

Ukumbi nyuma ya soko la Mwanjelwa, viti vya plastiki,
baridi imeingia kabla yetu na kukaa mbele.
Shuka la kuonyeshea lilikuwa na mkunjo katikati,
kwa hiyo kila uso ulipata kovu
mpaka mwisho wa filamu.

Kisa chenyewe: mlinzi wa minara, juu ya Loleza,
peke yake na birika na redio.
Usiku wa kwanza redio inakohoa. Kisha yeye anakohoa.
Usiku wa pili redio inasema, "Nani huko?"
na pumzi tatu baadaye
yeye anafungua mlango:
"Nani huko?"

Hapo, nakiri, nilisahau deni.

Hawakuweka vinanda vya kututisha.
Waliuacha upepo. Upepo wa Loleza tunaujua sote,
unavyopita kwenye nyaya kama mtu anayetafuta jina alilolisahau.
Na ukungu haukuwa moshi wa matairi, ulikuwa ukungu wetu,
ule unaopanda bila hodi,
ukameza mnara mmoja, wa pili, halafu choo.
Lusekelo, ambaye mchana huuza viazi Uyole
na uigizaji hajausomea popote,
aliogopa kwa mikono:
anataka kumimina chai, redio inasema, "Aah, nimeungua,"
analitazama birika,
birika linamtazama,
ukumbi mzima tumeshika magoti.
Akamimina. Angefanyaje? Chai ilikuwa tayari.

Usiku wa sita redio ikanyamaza.
Dakika nne bila neno, nilihesabu kwa saa yangu.
Hathubutu kufumbua kinywa,
maana neno lisilotangulia redioni
ni la nani?
Mtoto mmoja nyuma alianza kulia, akazibwa mdomo.
Kwa dakika nne hizo, Anyosisye, nilikusamehe redio.

Mengine sikusamehe.

Betri. Mlinzi anazitoa betri, redio inaendelea kusema.
Sawa, hiyo ndiyo hofu yenyewe, nimeimeza.
Lakini picha inayofuata, kifuniko kimefungwa
kwa gundi nyekundu niliyoipaka mwenyewe mwaka juzi,
haijapasuka hata ufa!
Miaka thelathini nafungua matumbo ya redio.
Nidanganye kwingine kote, si tumboni.

Kisha yule profesa. Ametoka wapi,
na koti jeupe lisilo na tone la tope,
kapandaje Loleza kwa viatu vya kanisani?
Anasimama mbele ya kamera kama mgombea udiwani,
anaeleza mawimbi, anaeleza sayari,
wakati uliokunjwa kama chapati.
Dakika kumi na moja. Usiku ukawa darasa.
Halafu wakatuonyesha kiumbe,
mgeni wa nyota: godoro, karatasi za pakiti za kahawa,
zipu mgongoni.
Vijana wakacheka, na wana haki.
Waoga tulipona wote kwa mpigo.
Mlikuwa na giza la bure, jamani,
giza halikodishwi popote,
mkaliwashia taa.

Mlangoni aliniuliza kwa macho tu.
Nikamwambia: "Kata mwisho wote. Mwache afumbue kinywa,
kisha zima."
Akakuna kichwa. Profesa ni mjomba wake.
Ndiye aliyelipia kamera.

Redio nilirudishiwa ndani ya mfuko wa rambo.
Nikapanda nayo hadi nyumbani, ukungu nyuma yangu.
Niliiweka mezani, sikuiwasha.
Tumpe akauliza kutoka jikoni, "Ilikuwaje?"
Jibu nilikuwa nalo tayari, tangu njiani,
filamu nzuri iliyoogopa kuwa nzuri,
ila nikangoja kwanza,
kidogo tu,
nisikie kama kuna atakayenitangulia.